Meneja wa chama hachaguliwi kwa ulimi

Haiba ya meneja, pamoja na ya wale wanaomsaili, hugusa mfuko wa mkulima wa kahawa kuliko wengi wanavyodhani

MSIMU wa kahawa unapokaribia katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mkulima huangalia mambo matatu: mvua, bei na deni la dawa. Jambo la nne, ambalo wengi hawalipi uzito, ni mtu atakayekaa kwenye kiti cha katibu meneja wa chama cha msingi. Nafasi hiyo ikiwa wazi, bodi husaili asubuhi, huafikiana mchana, na jioni wajumbe wamekwisha rudi vihambani kwao. Lakini uamuzi huo wa nusu siku, mkulima wa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo huishi nao misimu mitatu, minne, na wakati mwingine zaidi.

Hebu tuchukue mfano wa bodi yenye waombaji wawili. Wa kwanza ameingia amevaa suti. Amesalimia wazee mmoja mmoja kwa heshima yake, amemkumbusha mwenyekiti kwamba babu zao walifahamiana, kisha akaeleza kwa ufasaha jinsi atakavyotafuta wanunuzi wa nje na kupandisha bei. Wajumbe wamecheka naye. Wa pili ana sauti ya chini na majibu mafupi. Alipoambiwa aulize kama ana swali, aliuliza moja tu: msimu uliopita, kilo zilizopokelewa kwenye mizani ya chama na kilo zilizofika kiwandani Moshi zilipishana kwa kiasi gani? Chumba kikawa kimya. Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba huyu kijana anaonekana mkorofi.

Si vigumu kukisia nani atapewa kazi. Swali ni kama wajumbe hao wamempima meneja, au wamejipima wao wenyewe na vitu wanavyovipenda.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kabla ya kuuliza ni mtu wa tabia gani anafaa, ni vema kuuliza kazi inataka nini. Meneja wa chama cha msingi hupokea kahawa iliyokwisha menywa, kuoshwa na kukaushwa na mkulima. Anatakiwa kuhakikisha mizani ni sahihi, stakabadhi imeandikwa, na kahawa imekauka vya kutosha, yaani unyevu usizidi asilimia 12. Akikosea hapo, ghala linaanza kunuka ukungu. Baada ya hapo kuna magunia, usafiri hadi kiwanda cha kukoboa, upangaji wa madaraja, mnada wa Moshi au mauzo ya moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, na mwisho ugawaji wa malipo kwa kila mwanachama kulingana na kilo zake.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayodai hotuba. Kinachodaiwa ni mtu anayehesabu mara mbili, anayeandika siku ileile badala ya kungoja kesho, na anayeweza kumwambia jirani yake, tena mkubwa kwa umri, kwamba kahawa hii bado ni mbichi, irudi ikaanikwe.

Hasara ya kukosa mtu wa namna hiyo inaweza kukokotolewa. Tuseme chama kimekusanya kilo 50,000. Meneja akapokea kahawa yenye unyevu kwa kuogopa lawama, akachelewa kuisafirisha, na ubora ukashuka kiasi cha kupoteza Sh200 tu kwa kilo. Hizo ni Sh milioni 10. Kama chama kina wanachama 250, kila mmoja kwa wastani amepoteza Sh40,000. Hakuna aliyeiba hata senti. Fedha zimeondoka kwa njia ya upole uliozidi na uzembe mdogo mdogo, na kwa kuwa hakuna mwizi wa kukamatwa, msimu ujao mambo ni yaleyale.

Haiba tano, kiti kimoja

Wataalamu wa saikolojia wamezoea kupanga haiba za watu katika sifa kuu tano. Kuna umakini, yaani mtu kuwa na utaratibu na kutimiza alichoahidi, kuna uchangamfu, kuna upole wa kukubaliana na wengine, kuna utulivu wa moyo wakati wa misukosuko, na kuna udadisi wa mambo mapya. Kila mtu anazo zote, ila kwa vipimo tofauti.

Mwaka 1991, Murray Barrick na Michael Mount wa Marekani walichapisha majumuisho ya tafiti nyingi zilizolinganisha haiba na utendaji kazini. Walikuta kwamba umakini ndio sifa iliyoambatana na utendaji mzuri katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza, kuanzia mameneja na polisi hadi wauzaji. Mwaka 2002, Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti kuhusu uongozi. Humo uchangamfu ndio uliotangulia, lakini kwa namna inayopaswa kuwatahadharisha wajumbe wa bodi: uhusiano wake na mtu kuonekana kiongozi mbele ya wenzake ulikuwa mkubwa kuliko uhusiano wake na kuongoza vizuri baada ya kukabidhiwa kazi.

Kwa maneno mengine, sifa inayompatia mtu kiti sio hasa inayomwezesha kukikalia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo isieleweke kwamba mchangamfu hafai na mkimya ndiye bora. Nguvu ya haiba katika tafiti hizo ni ya wastani. Ujuzi na uzoefu vina sehemu yake. Tena kila sifa ina upande wa pili. Mtu makini kupita kiasi anaweza kukataa stakabadhi ya mjane kwa sababu ya wino uliofutika. Mpole anaelewana na wote lakini anashindwa kudai deni la pembejeo. Mtulivu anaweza kutulia hata pale nyumba inapoungua. Mdadisi huanzisha miradi mitatu kabla wa kwanza haujarudisha mtaji. Meneja mbaya mara nyingi si mtu mwovu. Ni mtu mwenye tabia nzuri iliyowekwa mahali pasipo na wa kuirekebisha.

Historia ya mlima huu

Wakazi wa Kilimanjaro hawana haja ya kwenda Marekani kujifunza somo hilo. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kichagga, Kilimanjaro Native Planters Association (KNPA), kilianzishwa mwaka 1925, wakati walowezi wa Kizungu walipokuwa wakipinga Waafrika kulima zao hilo. Charles Dundas, ofisa wa Serikali ya kikoloni aliyewahi kuwapo Moshi, alikuwa amelihimiza. Joseph Merinyo, Mchagga aliyefanya kazi naye, akawa kiongozi wa chama. Kazi kubwa ya wakati ule ilikuwa kutetea haki ya mkulima mbele ya watu wenye nguvu, na kwa kazi hiyo KNPA kilihitaji watu wa kusema bila woga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya kahawa ilianguka pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia. Chama kikaingia katika matatizo ya fedha, na Merinyo akaondoka katika uongozi huku tuhuma za fedha zikiwa juu yake. Serikali ya kikoloni, ambayo nayo ilikuwa na sababu zake za kutotaka chama chenye sauti kubwa kisicho mkononi mwake, ilisimamia kuundwa kwa Kilimanjaro Native Cooperative Union (KNCU) mwaka 1933, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Meneja akawa Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Hesabu zikapata utaratibu. Lakini mwaka 1937 wakulima wa baadhi ya sehemu za mlima walichachamaa wakipinga bei ndogo na sharti la kuuza kahawa yao kupitia chama tu, na ghasia zikazuka. Meneja alikuwa na vitabu, lakini mkulima wa kawaida hakuwa na sehemu katika kumchagua, wala hakuona kwamba anasikilizwa. KNCU ilivuka mtihani huo na baadaye ikajulikana kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa vya Waafrika.

Ukizitazama enzi hizo mbili kwa pamoja, fundisho ni moja. Mtetezi asiye na daftari, na daftari lisilo na wa kulieleza kwa wanachama, vyote viwili huishia kwenye ugomvi. Ndiyo maana chama kinahitaji mwenyekiti na meneja, si mtu mmoja mwenye kofia mbili. Mwenyekiti anaweza kuwa msemaji. Meneja kwanza awe mhesabuji anayejua kueleza hesabu zake.

Baada ya Uhuru tatizo la watumishi lilirudi. Kamati maalumu ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 1966 kuangalia vyama vya ushirika nchini ilitaja, miongoni mwa kasoro, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, wanachama kutojua haki na wajibu wao, na kuingiliwa na siasa. Tayari Chuo cha Ushirika kilikuwa kimefunguliwa Moshi mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwaka 1968 ikaanzishwa tume ya kushughulikia ajira na nidhamu za watumishi wa ushirika kwa nchi nzima. Vyama vikuu vyenyewe vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Leo, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, bodi iliyochaguliwa na wanachama ndiyo inayobeba dhamana ya menejimenti ya chama. Kwa hiyo mlango wa meneja mzuri au mbaya uko kwenye meza ya usaili, na funguo wanazo wajumbe ambao wengi wao hawajawahi kufundishwa kusaili.

Msaili naye ana haiba yake

Hapa ndipo penye jambo linalosahaulika. Watu husema sana tabia ya msailiwa, kana kwamba msaili ni mizani iliyopigwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Mwaka 1915 Walter Dill Scott wa Marekani aliwapa mameneja sita kazi ya kuwasaili watu 36 walioomba kazi ya uuzaji, kila meneja kwa wakati wake. Kwa waombaji 28 kati ya hao, mameneja hawakuafikiana hata kama mtu awekwe nusu ya juu au nusu ya chini. Miaka mitano baadaye, Edward Thorndike alionyesha kwamba ofisa akimpenda mtu kwa sifa moja, humpa alama za juu hata kwa sifa nyingine ambazo hakuzipima. Anayeongea vizuri anadhaniwa pia kuwa mwaminifu. Aliyevaa vizuri anadhaniwa kujua hesabu.

Katika bodi zetu wasaili wa aina nne ni rahisi kuwatambua. Wa kwanza ni mzungumzaji. Anatumia dakika ishirini kueleza historia ya chama, na mwombaji aliyetikisa kichwa vizuri anatoka akisifiwa kuwa ana akili. Wa pili ni mkali, anayeuliza maswali ya mtego ili kuona nani anatetemeka. Anachopima ni woga wa mbele za watu, ambao karani wa mizani hana haja ya kuushinda kila siku. Wa tatu ni mwenye huruma, anayempa kazi mwenye shida kuliko mwenye uwezo. Wa nne ni yule anayeanza na swali "wewe ni mtoto wa nani?" Huyu hutafuta mtu wa ukoo wake, wa kanisa lake au wa kata yake, na huamini kwa dhati kwamba anatafuta uaminifu.

Huyo wa nne anahitaji tahadhari ya kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado. Kumuuliza binti kama ana mpango wa kuolewa karibuni si utani wa wazee. Ni kuingiza kwenye usaili jambo ambalo sheria imelitoa.

Msaili mzuri hatambuliwi kwa ukali wala kwa ucheshi. Anajua anachokitafuta kabla mwombaji hajaingia, anasikiliza zaidi ya anavyosema, na yuko tayari kukutwa amekosea. Kwa bahati nzuri, hata asiye na tabia hizo anaweza kusaidiwa na utaratibu. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wenye mpangilio maalumu uliibuka kinara kati ya njia walizozilinganisha. Ule wa kupiga soga ulibaki nyuma.

Nini kifanyike

Mpangilio huo hauhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kwanza, bodi iandike kwenye karatasi moja kazi tano au sita ambazo meneja atazifanya kila wiki ya msimu, na maswali yatoke humo. Pili, waombaji wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Tatu, kila mjumbe aandike alama zake kimya kimya baada ya kila jibu, kabla ya mwenyekiti kusema neno. Mwenyekiti akitangulia kusifu, wengine hufuata, na usaili wa watu saba unakuwa wa mtu mmoja.

Nne, maswali yahusu mambo yaliyokwisha tendeka. Ukimuuliza mtu "wewe ni mwaminifu?" jibu unalijua. Afadhali aulizwe: "Tueleze siku ambayo hesabu zako hazikulingana. Uligundua vipi, ulimwambia nani, na iliishaje?" Mtu makini atataja kiasi na hatua alizochukua. Asiye makini atataja watu waliomwonea.

Tano, na hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, mwombaji apewe kazi yenyewe. Awekewe stakabadhi 40 za msimu uliopita, zilizofichwa majina, zenye makosa matatu yaliyopandwa kwa makusudi, na apewe saa moja azijumlishe na kutoa taarifa. Kisha mjumbe mmoja aigize mkulima aliyeleta kahawa mbichi na anayelazimisha ipokelewe. Ndani ya saa hiyo na robo bodi itaona umakini, utulivu na ujasiri wa mtu kwa macho, badala ya kuusikia kwa masikio.

Sita, marejeo yapigiwe simu, na swali liwe moja: "Ungemwajiri tena?" Mwisho, muda wa majaribio utumike kweli. Ajira mpya iambatane na tarehe ya tathmini na vipimo vilivyoandikwa, kwani tabia ya mtu huonekana zaidi gunia la mia tano kuliko la kwanza.

Utaratibu huu si wa vyama tu. Mfanyabiashara wa Mbuyuni au Kiboriloni anayetafuta kijana wa dukani anaweza kumpa asubuhi moja ya kupanga mzigo na kufunga hesabu ya mauzo, akamlipa siku hiyo, kabla ya kumwamini na funguo. Mwenye duka la pembejeo amwombe mwombaji asome kibandiko cha dawa na amweleze mteja vipimo vyake. Waongozaji wa wapanda mlima wanaijua kanuni hii siku nyingi: mgumu aliyeonekana akibeba mzigo na kumsaidia mwenzake kwenye baridi ndiye anayeitwa safari ijayo. Kwenye mifereji ya asili ya umwagiliaji nako, anayegawa maji kwa zamu hawezi kuficha tabia yake kwa muda mrefu, kwa kuwa kila kihamba kilichokosa zamu yake kinaonekana.

Na hata meneja aliyepatikana kwa njia bora asiachwe peke yake. Saini mbili kwenye hundi, mizani inayokaguliwa, taarifa ya kilo na fedha inayobandikwa ukutani kila mwezi, na hesabu zinazokaguliwa kila mwaka na kusomwa mbele ya mkutano mkuu, ni uzio unaomlinda mwanachama na unaomlinda meneja pia. Mchangamfu atakumbushwa kuandika. Mpole atapata pa kuegemea anaposema hapana.

Turudi kwa waombaji wetu wawili. Pengine yule wa suti, akiwekewa stakabadhi 40 mbele yake, atayaona makosa yote matatu na kuyaeleza kwa ufasaha uleule, na hapo bodi itakuwa imepata mtu wa nadra. Pengine yule mkimya atakwama. Kwa soga ya nusu siku hakuna awezaye kujua. Ila swali lake kuhusu kilo zilizopishana kati ya mizani na kiwanda bado liko mezani, na mkulima aliyekatwa kilo zake anastahili kujibiwa, awe nani atakayepewa kiti.